Chupa ya kioo, plastiki, stili au friza: viungo vyako vikae wapi?

Bonyeza karafuu nzuri kwa ukucha chini kidogo ya kichwa chake, utaona jasho la mafuta. Katika gramu 100 za karafuu kavu, gramu 15 hadi 20 ni mafuta hayo, na ndiyo yanayoifanya pilau inukie mpaka kwa jirani. Anayetoka Darajani, Marikiti au Kariakoo na kifurushi cha viungo amelipia mafuta. Gome, mbegu na konyo ni vyombo tu vya asili vilivyoyahifadhi. Kifurushi kikishafunguliwa, kazi hiyo ya kuhifadhi inakuwa yako.

Wengi hukwama kati ya njia nne: chupa za kioo, vyombo vya plastiki, makopo ya stili likiwemo lile la duara la Kihindi liitwalo masala dabba, na friza. Kila moja ina mahali pake. Ugumu ni kwamba watu huchagua kwa macho, seti ikipendeza ukutani inanunuliwa, halafu baada ya miezi mitatu manjano imepauka na bizari nyembamba inanuka kama vumbi la njia.

Vya kupima kabla ya kununua

Hewa na harufu. Mafuta ya viungo hupaa yenyewe, na yale yanayobaki huharibiwa na hewa. Kwa hiyo mambo mawili yana uzito: kifuniko kinabana kiasi gani, na ndani kuna nafasi tupu kiasi gani. Chupa kubwa iliyojaa robo tu ni mbaya kuliko kichupa kidogo kilichojaa, hata kama vifuniko vyake ni sawa. Kujua kama kifuniko kinabana, funga chombo kikiwa kitupu na kikavu, kizamishe kwenye beseni la maji ya moto kiasi cha kuvumilika mkononi, ukiangalie kwa dakika moja. Hewa ya ndani hupata joto na kutanuka. Kama kuna upenyo, utaona vipovu vikitoka mfululizo mahali pale pale. Kwa chombo kisichofaa kulowa, tia karafuu kumi ndani, funga, kiache kabatini usiku kucha. Asubuhi nusa pembezoni mwa kifuniko. Ukiisikia karafuu, mafuta yanatoka.

Mwanga. Manjano, pilipili nyekundu ya unga, zafarani na iliki ya kijani hupoteza rangi zikikaa kwenye mwanga. Pilipili manga, karafuu na mdalasini hazilalamiki sana.

Unyevu na wadudu. Kiungo kilichokaushwa vizuri kina maji kiasi cha asilimia 10 hadi 12. Pwani, ambako hewa hubeba unyevu wa asilimia 75 na zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka, kiungo kilichoachwa wazi hunywa maji hayo mpaka unga ushikane madonge, na baadaye uote ukungu. Pilipili na kungumanga zilizoota ukungu zitupwe zote. Usikwangue juu ukatumia chini, maana ukungu wa aina fulani huacha sumu ya aflatoksini, na moto wa kupikia hauiondoi. Wadudu nao wapo: vijidudu vidogo vya kahawia vinavyotoboa karatasi na plastiki nyembamba, na kuacha unga laini na vitundu kwenye mbegu za giligilani na vipande vya tangawizi kavu.

Mkono na nafasi. Je, kijiko kinaingia? Kinafunguka kwa mkono mmoja huku mwingine unakoroga? Kinaoshwa na kukauka upesi? Chombo kinachosumbua huachwa wazi, na chombo kilichoachwa wazi hakina ubora wowote.

Kizima au unga, na kiasi gani

Hili huamua zaidi kuliko chombo chenyewe. Kiungo kizima kilichofungwa vizuri mahali pa giza na pakavu huhimili miaka 2 hadi 3. Kikisagwa, kila chembe inakuwa mlango. Unga uhesabie miezi 6, na katika joto la Mombasa, Tanga au Unguja uhesabie mitatu au minne. Iliki ina tabia yake: ikiwa ndani ya ganda hukaa sana, mbegu zikitolewa harufu hupungua haraka, kwa hiyo iliki ya kutwanga imenyue siku ile ile.

Piga hesabu ya matumizi. Pilau ya kilo moja ya mchele huchukua kama vijiko 2 vya chakula vya bizari nyembamba nzima, yaani gramu 12 hivi. Nyumba inayopika pilau kila wiki inamaliza karibu gramu 50 kwa mwezi. Chupa ya mililita 100 huingia gramu 40 hadi 60 za viungo vingi vya unga, na bizari nyembamba nzima gramu 40 na kidogo. Basi nyumba hiyo inahitaji chupa ya mililita 150 kwa bizari ya mwezi, si galoni. Iliki na karafuu, ambazo pilau hiyo hiyo hutumia punje nane au kumi za kila moja, zinatosha kwenye kichupa cha mililita 50 hadi 100.

Chupa ya kioo

Hewa na harufu. Kioo chenyewe hakipitishi kitu. Hakinywi harufu wala hakiliwi na mafuta ya karafuu. Udhaifu wote uko kwenye kifuniko. Cha kuzungusha chenye utepe laini kwa ndani hubana vizuri kikiwa kipya, na cha kubana kwa waya na mpira hubana zaidi, ila mpira huo hukauka na kupasuka, hivyo angalia kama vipuri vinauzwa. Kizibo cha mti hupendeza machoni, lakini kinapitisha hewa. Kwa viungo hakifai zaidi ya wiki chache. Chupa zenye kifuniko cha matundu ya kunyunyizia nazo zina tatizo: ukizitikisa juu ya sufuria inayofuka, mvuke hupanda ndani, na unga wa juu hugeuka jiwe.

Chupa za jemu na siagi ya karanga zilizotumika ni nzuri na hazina gharama, lakini utepe wa ndani ya kifuniko hushika harufu ya awali. Loweka kifuniko usiku mzima kwenye maji vuguvugu yenye kijiko kimoja cha soda ya kuokea kwa kila glasi, kisuuze, kianike juani siku nzima. Kama bado kinanuka, kitumie kwa chumvi na utafute kingine. Chupa yenyewe baada ya kuoshwa iachwe wazi saa 24; tone moja la maji chini linatosha kuharibu bizari ya unga iliyojaa.

Mwanga. Hapa ndipo kioo cheupe kinaposhindwa. Kiko sawa ndani ya kabati au droo, hakifai kwenye rafu inayotazama dirisha. Kioo cha kahawia, kama cha chupa za dawa, hupunguza tatizo bila kuliondoa.

Unyevu na wadudu. Kinazuia vyote kifuniko kikiwa kizima. Angalia tu kutu: hewa ya bahari hula vifuniko vya bati kuanzia ukingoni, na kifuniko chenye kutu hakibani tena.

Mkono na nafasi. Kioo ni kizito na huvunjika kikianguka kwenye sakafu ya vigae. Faida yake kubwa ni kwamba unaona kilichobaki bila kufungua.

Kinamfaa nani: mwenye kabati lililofungwa, anayenunua viungo vizima, na anayethamini kila harufu kukaa peke yake. Kwa zafarani na iliki hakina mpinzani jikoni, ilimradi kiwe kidogo na gizani.

Chombo cha plastiki

Geuza chombo, usome namba iliyo ndani ya pembetatu chini. Watu wengi husema plastiki kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo wanapokosea.

Hewa na harufu. Namba 1, ile ya chupa za maji, ni nyembamba lakini huzuia hewa na harufu kwa kiasi cha kuridhisha. Namba 5, ambayo hutumika kutengenezea vyombo vingi vya chakula, inastahimili joto na kuoshwa mara kwa mara, ila harufu hupenya polepole na kubaki ndani yake: chombo kilichokaa karafuu mwaka mzima hakitafaa kwa hulba wala kwa unga wa chai. Namba 6 ngumu, ile inayong'aa kama kioo na kuvunjika kwa mlio, iepuke kwa karafuu. Eugenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, huiyeyusha: kwanza inapoteza mng'ao, kisha inanata, mwisho inapasuka. Hilo si kasoro ya duka lililokuuzia, ni asili ya vitu hivyo viwili.

Mwanga. Sawa na kioo cheupe, isipokuwa ununue chenye rangi.

Unyevu na wadudu. Chombo kigumu chenye mpira kwenye kifuniko na vibano pembe nne hushinda chupa nyingi za kioo kwa kuzuia unyevu. Mifuko myembamba ni habari nyingine, wadudu huitoboa.

Mkono na nafasi. Hapa plastiki inaongoza. Ni nyepesi, haivunjiki, vyombo vya mraba hupangana bila kupoteza nafasi, na mtoto anaweza kutumwa akuletee bila hofu. Manjano huacha doa kwenye namba 5. Usihangaike na sabuni: anika chombo juani siku mbili tatu, doa litapauka. Jua linaloharibu manjano ndani ya chupa ndilo hilo hilo linalokusaidia hapa.

Kinamfaa nani: mwenye watoto, anayehamahama, mpishi wa biashara anayebeba viungo kwenda shughulini, na yeyote anayenunua unga kidogo wa kuisha ndani ya miezi miwili. Kwa akiba ya mwaka kuna njia bora zaidi.

Stili na masala dabba

Hewa na harufu. Stili isiyoshika kutu haipitishi mwanga, hewa wala harufu, na haivunjiki. Tatizo ni namna vifuniko vingi vinavyokaa: chuma juu ya chuma, bila mpira. Makopo ya aina hiyo hushindwa jaribio la karafuu usiku wa kwanza. Yako makopo ya stili yenye mpira na kibano, bei yake iko juu, na hayo yanaungana na kioo kwa ubora.

Masala dabba lihukumiwe kwa kazi yake. Ni kopo la duara lenye vikombe 7 vidogo, kijiko kimoja au viwili, na mara nyingi mfuniko wa ndani unaogusa midomo ya vikombe kabla ya mfuniko mkubwa. Unapofungua, viungo vyote saba vinapata hewa hata kama ulitaka kimoja, na harufu hukutana. Kwa hiyo ni sahani ya kupikia, si ghala. Jaza kila kikombe matumizi ya wiki mbili au tatu, basi.

Swali linalofuata ni nini kikae pamoja. Familia za Kihindi huweka humo haradali, bizari nyembamba, manjano, pilipili ya unga, giligilani ya unga na vinginevyo vya mchuzi wa kila siku. Kwa jiko la pwani uko mpango mzuri zaidi: dabba la pilau. Bizari nyembamba, pilipili manga, karafuu, iliki, mdalasini uliovunjwa vipande vya urefu wa kidole gumba, vyote vizima. Harufu zao zikichanganyika hakuna kilichoharibika, kwa kuwa vinaelekea sufuria moja. Vikombe viwili vilivyobaki vitie kungumanga nzima na tangawizi kavu kwa ajili ya chai. Usichanganye humo hulba. Inatawala kila kitu.

Mwanga. Giza kamili. Manjano na pilipili nyekundu hushukuru.

Unyevu na wadudu. Wadudu hawatoboi stili, lakini hupita kwenye mfuniko uliolegea. Unyevu vilevile. Kijiko cha dabba kikirudishwa kimelowa, kikombe kizima kimekwenda.

Mkono na nafasi. Hakuna kinachoshinda dabba wakati kitunguu kinawaka na unahitaji vitu vinne ndani ya sekunde kumi. Ila ukilibeba limeinama, manjano humwagikia wenzake.

Linamfaa nani: anayepika kila siku na kuwa na akiba nyingine mahali pengine. Anayepika mara mbili kwa wiki litamcheleweshea viungo hewani bure.

Friza

Hewa na harufu. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, mafuta hupaa kwa polepole sana na ule uchachu wa mafuta ya zamani hukawia. Lakini friza yenye samaki hupenyeza harufu kwenye chochote kisichofungwa. Tumia mfuko wa foili wenye zipu, au chupa ndogo yenye kifuniko cha kukaza. Viungo vikavu havitanuki kama maji, kwa hiyo kioo hakipasuki.

Mwanga. Hakuna wa kuhesabika.

Unyevu na wadudu. Wiki moja ndani ya friza huua wadudu na mayai yao, jambo zuri kwa kila mzigo mpya kutoka sokoni. Hatari inakuja wakati wa kutoa. Chombo baridi kikifunguliwa katika hewa ya pwani hutoka jasho ndani, na hapo umekiloweka kiungo kwa mkono wako. Utaratibu ni huu: gawa akiba vifurushi vya gramu 50, toa kimoja tu, kiache mezani kimefungwa saa 2 hadi 3 au usiku kucha, kisha fungua na ukimimine kwenye chupa ya jikoni. Kisirudi tena kwenye friza. Umeme ukikatika nusu siku, usifungue chochote. Viungo vikavu haviozi kama nyama, vinataka tu visifunguliwe vikiwa baridi.

Mkono na nafasi. Ni njia ya polepole, na nafasi yake mara nyingi hugombaniwa na nyama. Ndiyo maana haifai kuwekea kila kitu. Pilipili nyekundu ya unga, kungumanga iliyosagwa, ufuta na iliki ya bei kubwa zinastahili. Pilipili manga nzima na magome ya mdalasini yanaishi vizuri kabatini, yasichukue nafasi ya samaki.

Inamfaa nani: anayenunua kwa wingi mara moja au mbili kwa mwaka, na aliyebakiwa na kilo za viungo baada ya harusi.

Vifaa vidogo

Lebo iandikwe jina, nzima au unga, na tarehe ya kujaza. Bila tarehe hutajua kama bizari imezeeka. Ibandike ubavuni kama viko kwenye rafu, juu ya kifuniko kama viko kwenye droo. Faneli yenye mdomo mpana hupunguza kumwaga, na kama huna, kunja karatasi pembe kama ya kufungia karanga, ukate ncha. Vipakiti vya silika jeli husaidia kwenye unga, kimoja kidogo kwa chupa, kiwe cha kuhifadhia chakula na kisitoboke. Epuka vyenye punje za buluu. Punje za mchele unazoziona kwenye chupa za chumvi hazitoshi kulinda bizari. Rafu ya juu ya jiko ndiyo mahali pabaya kuliko pote, mvuke na joto vinapanda hapo kila mlo, nayo ndiyo inayouzwa zaidi na mafundi wa kabati.

Kabla ya kujaza chombo chochote, anika viungo vizima kwenye ungo juani kwa muda wa saa 2 au 3, kisha viache kivulini mpaka vipoe kabisa. Vikifungwa na joto, chupa hutoka jasho. Unga uliotoka kwenye mashine ya kusagia nao huwa na joto. Ufunike kwa sahani dakika 20 kwanza.

Ukiwa na hali hii

Unaishi pwani, jiko dogo, hakuna kabati la mlango: stili yenye mpira, au plastiki namba 5 yenye vibano ikae ndani ya boksi lililofungwa. Nunua vizima, saga vya wiki moja kwenye kinu.

Unapika pilau, biriani na mchuzi kila siku: masala dabba mezani, na chupa za kioo kabatini za kulijazia kila Jumamosi.

Uko Nairobi, Arusha au Iringa, ambako ni baridi na unyevu ni mdogo kuliko pwani: chupa za kioo kwenye droo zinatosha kwa karibu kila kitu, na unga utadumu zaidi ya ule wa mwenzako wa Lamu.

Uko Muscat au Dubai: nje ni joto kali, ndani kiyoyozi. Usiache mzigo ndani ya gari hata saa moja. Nyumbani kioo kinafaa, mbali na mlango wa roshani unaopigwa na jua.

Unapika viungo mara chache, tuseme mwisho wa mwezi: vichupa vya mililita 50, vizima tu. Seti ya chupa 24 ni mapambo kwako, kwa sababu kumi na tano kati yake zitazeeka kabla hujazifungua mara ya pili.

Unarudi Toronto au London na mzigo wa Unguja: beba vizima, uulize kwanza kinachoruhusiwa kuingizwa. Ukifika, weka vyote friza wiki moja, kisha toa mdalasini, karafuu na pilipili manga uzitie kwenye chupa za kabatini. Iliki ibaki friza kwa vifurushi vya gramu 50, na kungumanga ikae nzima, na kikwaruzo chake pembeni.